Kimraba Juu ya Kiti Kitupu

Fundi picha aliitwa Tulia kwa sababu ya kauli yake. Kamera yake ya mkanda ilikuwa nzito kama tofali na vivu kama mwenyewe, kwa hiyo kila aliyekaa mbele yake aliambiwa, "Tulia," na hakuna aliyepepesa jicho mpaka asikie, "Basi, twende nyumbani." Aliwaambia hivyo hata maharusi waliokuwa wakielekea kwingine kabisa.

Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Alasiri moja mkewe alimletea humo kamera ya dijitali.

"Baba Kidoti, mtoto atapata wajukuu wewe ungali unasafisha mkanda."

"Hiyo yako haina subira."

"Yako ina subira, na picha zote watu wamefumba macho."

Wakakubaliana kuzishindanisha alasiri ile. Kamera ya mkanda ikasimama kwenye miguu yake mitatu, nayo ya dijitali Tulia akaishika mkononi. Mama na Kidoti wakakaa kwenye benchi, kando ya kiti kitupu. Kioo cha dijitali kikachora kimraba cha kijani, alama ya kuona uso, usoni mwa mama. Kikachora usoni mwa mtoto. Kisha kikachora cha tatu, juu ya kiti.

"Kamera yako imependa kiti kuliko sura zetu," akasema Tulia.

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani. Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu mzito anapoinuka, na kile kimraba kikapanda taratibu, kikapita kando ya mama, kikamwelekea Kidoti, kikimsogelea huku mama akihisi ubaridi begani na asione kitu, mpaka Tulia, kwa mazoea tu, akaitazamisha kamera ya mkanda huko na kunong'ona, "Tulia."

Kikaganda. Kikarudi kitini.

"Mama Kidoti," akasema polepole, "mtoe mtoto, mwende sebuleni. Usikimbie."

Mganga waliyemwita kwa simu alikataa kuvuka kizingiti cha mlango wa nje. Alichungulia, akakunja uso.

"Huyo wa kitini ana miaka humu. Kila siku anasikia wenzake wakiambiwa waende nyumbani, yeye haambiwi. Leo umempanga kama mteja, naye anangoja kuachiwa."

"Nimfukuze vipi?"

"Hilo silijui. Ila ile kauli ya kuwaachia, isitamkwe tena ndani ya nyumba hii."

Wakafunga chumba kwa kufuli upande wa sebuleni, kamera zote mbili ndani. Wakakaa sebuleni, masikio yote ukutani. Kutoka hawakuweza: mlango wa kutokea nje ulikuwa mmoja tu, na ulipitia studio.

Hawakumwangalia Kidoti. Alikuwa amepanga wanasesere wake sakafuni, boksi la viatu jichoni kama kamera.

"Tulia," akawaambia wanasesere.

Baba yake akanyoosha mkono kumziba mdomo.

"Basi, twende nyumbani."

Nyuma ya ukuta, kiti kikalia kwa kupunguziwa uzito. Na nyumbani alikoalikwa, wao walikuwa wameshafika.