Joho Jekundu na Beseni la Dobi

Fundi cherehani na mke wake walikuwa na chumba cha kazi kinachotazama barabara. Mume alikata na kushona. Mke alipinda na kutia vifungo. Mlango wa pili alikaa dobi. Nguo ikimalizika, ilipelekwa kwa dobi ipigwe pasi, kisha mteja akaitwa. Kwa miaka mingi majirani hawa hawakuwahi kununiana.

"Jirani, leo pasi yako imelala njaa?" fundi alimtania.

"Inasubiri wewe umalize kuota," dobi alijibu.

Mambo yaliharibika siku bwana harusi alipokuja kuchukua koti lake. Dobi alikuwa amelileta likiwa limekunjwa vizuri. Bwana harusi alilikunjua mbele ya wateja. Kifuani palikuwa na alama ya kuungua, ya kahawia, yenye umbo la ncha ya pasi.

"Fundi, hili ni koti au mkate?" aliuliza. Akalitupa mezani, akaondoka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Fundi hakwenda kumuuliza dobi. Moyoni alichemka.

"Amenikusudia," alimwambia mke wake. "Na mimi nitamkomesha."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Alama ya pasi inajieleza yenyewe."

Siku hizo walikuwa wanakishonea mavazi kikundi cha maigizo cha mtaani. Lilikuwamo joho la mfalme, la kitambaa chekundu cha bei rahisi. Kitambaa hicho kikigusa maji, kinachuja rangi. Fundi alikata kipande, akakitia mfukoni. Alijua kwamba dobi huloweka nguo nyeupe za wateja katika beseni kubwa uani. Kipande kile kingetosha. Nguo zote zingegeuka nyekundu, na wateja wangemkimbia dobi.

Kabla hajatoka, aliingia mwalimu wa maigizo, mama mmoja mcheshi, kuja kulitazama joho.

"Mwalimu, huu mchezo wenu unahusu nini?" mke wa fundi aliuliza. "Nashona sanda tu, sanda tu, kama nimeajiriwa makaburini!"

Mwalimu alicheka. "Ni tanzia, dada. Tanzia ni mchezo wa kuigiza wenye mwisho wa huzuni. Nyingi za zamani zinahusu kisasi. Mtu anaona ametendewa ubaya. Anaapa kuulipa. Mwisho anawaangamiza hata wasiohusika, na yeye mwenyewe pia."

"Huyu mfalme wenu alitendewa nini?" fundi aliuliza.

"Kaka yake amekutwa amekufa. Mfalme anamshuku jirani yake. Hamuulizi, haiti baraza, hatafuti shahidi. Anatuma mtu atie sumu kwenye mtungi wa jirani."

"Safi! Jirani akafa."

"Hakufa. Siku hiyo binti wa mfalme mwenyewe alikwenda kwa siri kuwapatanisha. Alikuwa mgeni, akakaribishwa maji."

Fundi aliiweka chini futi yake ya kupimia. "Huyo binti alikosa nini?"

"Hakukosa kitu. Alikuwa na kiu."

Fundi alikipapasa kile kipande mfukoni.

"Na kaka wa mfalme, nani alimuua?"

"Hakuna. Alianguka kutoka juu ya farasi. Ndugu fundi, mwenye kisasi hujifanya mshtaki, hakimu na askari, yote peke yake. Tena anafanya kwa siri, kwa hiyo hapati mtu wa kumwambia kwamba amekosea. Watunzi wa zamani waliyaonyesha haya jukwaani ili watu wayalilie kule, wasije kuyalilia majumbani kwao."

Mwalimu alipoondoka, fundi alimgeukia mke wake.

"Sare ya binti yetu iko wapi?"

Binti yao alikuwa anasomea uuguzi, na sare yake ilikuwa nyeupe.

"Kwa dobi, kama kawaida. Imelowekwa asubuhi hii. Kesho ana mtihani wodini."

Fundi alikaa. Alikitoa kile kipande mfukoni, akaeleza yote.

"Ungekitia, leo ungelala na hiyo cherehani yako," mke wake alisema. "Haya, nenda kwake. Kipande kiache hapa."

Dobi alikuwa ameinamia beseni. Hakuinua macho.

"Jirani, lile koti. Ilikuwaje?"

Dobi alijifuta mikono. "Niligeuka kumjibu mteja, nikaisahau pasi. Nikaogopa, nikalikunja ili alama isionekane. Nimekuaibisha, ndugu yangu. Tangu siku ile chakula hakipiti."

"Mbona hukuniambia?"

"Una ulimi mkali, wewe."

"Mimi?"

"Kamuulize mkeo."

Fundi alicheka bila kupenda. Kisha naye alimweleza habari ya kitambaa chekundu. Dobi alishika kichwa. "Humu mna mashuka ya wodi nzima!"

Siku hiyo hiyo walilishughulikia koti pamoja. Fundi alishona mfuko juu ya alama, akaweka na mwingine upande wa pili ili pande zote mbili zifanane. Dobi alipiga pasi juu ya kitambaa chenye unyevu, bila kugeuza shingo. Walimpelekea bwana harusi, wakamwomba radhi. Alilivaa, akajitazama kwenye kioo, akauliza kama angeweza kupata na suruali ya namna hiyo.

Siku hizi hakuna nguo inayokunjwa kabla wote wawili hawajaikagua mezani. Yenye kasoro husemwa papo hapo, na mteja huambiwa. Wateja wameongezeka. Binti naye alifaulu mtihani wake.

Mchezo ulipoonyeshwa, familia zote mbili zilikaa mstari mmoja. Mfalme alipotoa sumu, dobi hakuweza kujizuia.

"Kamuulize kwanza!" alipaza sauti.

"Kaa, bwana, unatutia aibu," fundi alisema, akimvuta shati.

Lakini mtungi ulipoletwa mbele ya binti, aliyeruka kutoka kitini alikuwa fundi.

"Usinywe, mwanangu!"