Kidonge Kisichosagwa

Seremala alikuwa na mikono ya chuma, lakini kidonge cha presha kilimshinda. Kila asubuhi alikitazama kama nyoka.

"Mwanamume mzima!" mkewe alimcheka. "Misumari unaibana kwa meno kutwa, kidonge kinakutoa jasho?"

"Kinanikwama kooni, mama watoto."

Kwa kumhurumia, mkewe akaanza kukisaga na kukikoroga kwenye chai.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Asubuhi seremala alipata kizunguzungu. Jioni kichwa kilimgonga.

"Dawa hii dhaifu," akanung'unika. "Kesho nakunywa viwili."

Kesho yake hakufika hata kwenye cha pili. Alikuwa akipiga randa, miguu ikamlegea, akaanguka juu ya maranda. Mkewe akapiga yowe. Jirani yao muuguzi akaja mbio na kipimo chake.

"Presha imeshuka mno. Alale hapo hapo, tumwinue miguu. Dawa amemezaje?"

"Nimemsagia, kama kawaida."

Muuguzi akasoma pakiti. "Loo, dada! Hiki hakisagwi."

"Kwani si kinaenda tumbo lile lile?"

"Kinaenda. Ila kimetengenezwa kiyeyuke polepole. Dawa inapenya kwenye utumbo na kuingia kwenye damu kidogo kidogo, kutwa nzima. Ukikisaga, inaingia kwa mkupuo. Presha inaporomoka."

"Na kichwa cha jioni?" seremala akauliza kwa sauti ndogo.

"Mwili hauweki dawa akiba, shemeji. Ini linaivunja, figo zinaichuja, inatoka na mkojo. Ikiingia yote asubuhi, jioni imekwisha, presha inapanda tena."

"Basi viwili vingenifikisha hadi jioni."

"Viwili vya kusagwa? Sasa hivi tungekuwa tunakulilia!"

Mkewe akafunika uso. "Kumbe namdhuru kwa mkono wangu."

"Ulimhurumia tu, dada. Lakini kabla ya kusaga, kukata, kuongeza au kuacha dawa, uliza. Haya, twendeni kliniki."

Daktari alimpima, akambadilishia dawa. Kidonge hiki kilikuwa kidogo. Akamfundisha kukimeza akiwa amekaa wima, kwa glasi nzima ya maji, saa ile ile kila siku. Kikapita bila ugomvi.

Kizunguzungu kikakoma. Jioni kichwa kikawa chepesi, na seremala akaanza kuimba akipiga msasa. Aliimba vibaya sana.

"Shoga!" mkewe akamwita muuguzi ng'ambo ya ua. "Na sauti hii, haina dawa?"

"Hiyo haina, dada. Mvumilie tu!"

Seremala akacheka, akazidisha sauti.