Mgeni Husindikizwa

Ilikuwa Juni ya mwaka 1967, na joto la Maskati lilikuwa limepita kiasi cha kusemeka. Upepo wa gharbi ulivuma kutoka jangwani tangu asubuhi, mkavu, umebeba vumbi. Na jua lilipotua, milima myeusi inayouzunguka mji ilianza kuturudishia moto ilioumeza mchana kutwa.

Nyumba yetu ilikuwa ya watu watatu waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi: mama yangu, Bi Masouda, mdogo wangu, Majid, na mimi, Thabit, niliyekuwa na shahada ya hesabu na kazi ya ukarani bandarini. Majid alikuwa amefariki kwa homa mwezi uliotangulia. Tulimwosha, tukamsalia, tukamzika kabla ya magharibi, bila kumchelewesha, kama inavyotakiwa.

Jioni ile mama alitaka maji ya kahawa, kwa kuwa kisima cha mtaani kwetu kilikuwa na chumvi. Nikachukua debe na fanusi, maana sheria haikumruhusu mtu kutembea gizani bila taa, nikatoka Lango Kuu na kushika njia ya Wadi Kabir.

Visima vya kule vilivutwa na ng'ombe. Mnyama hufungwa kamba, hushuka mtelemko, kiriba cha maji hupanda, na gurudumu la mti hulia kwa juu. Kilio kile nilikwisha kukizoea.

Lakini jioni ile kilitoka polepole... kikakatika... kikaanza tena.

Nikainua fanusi.

Aliyefungwa kamba hakuwa ng'ombe.

Alikuwa Majid. Kifua wazi, kichwa ameinamisha, kamba imemkaa mabegani. Kando yake alikaa mzee aliyenipa mgongo, akimpigia ulimi kama apigiwavyo mnyama.

"Majid," nilinong'ona.

Akasimama. Hakugeuka. Aliyecheka ni yule mzee.

Debe nililiacha pale pale.

Nyumbani nilimkuta Bi Bakhita, jirani yetu, mzaliwa wa Unguja aliyeolewa Oman ya ndani angali kigori. Akiyajua ya pande zote mbili. Nilipokwisha kueleza, uso wake ulibadilika.

"Umemwita kwa jina lake?"

"Nimemwita."

"Basi atakuja leo hii. Huyo hakufa, baba. Kaghaibishwa. Wachawi humchukua mtu, wakakuachieni sanamu, mkailia na mkaizika. Nyie wasomi wa Unguja! Kuhesabu nyota mnajua, mliyemzika hammjui!"

Mama alimshika mkono. "Bi Bakhita, n'nakuomba. Ntampataje mwanangu?"

"Mlango uwache wazi. Atapiga hodi. Usimjibu, shoga yangu. Akivuka kizingiti bila kukaribishwa, kavuka kama mwenye nyumba. Fungeni mlango, ni wenu. Ukimkaribisha, ushamfanya mgeni. Na mgeni huondoka."

"Mimi nimkaribishe Majid?" Mama alicheka huku machozi yakimtoka. "Nimkaribishe kwao?"

Bi Bakhita akaenda zake. Tukakaa. Ikasaliwa isha. Upepo ukakatika ghafla, na ikaingia harufu ya udongo uliorowa, katika mji ambao haukuwa umeona mvua tangu mwanzo wa mwaka.

"Hodi..."

Ilikuwa sauti yake. Mama akauma ncha ya mtandio.

"Hodi..."

Nikamwona kizani, nje ya kizingiti, amesimama. Unyayo mmoja uliinuka, ukasita. Nilimwomba Mungu kwa kila jina nililolijua. Vuka. Vuka, ndugu yangu.

"Hodi..."

Kwetu hodi ni tatu. Isipojibiwa ya tatu, mtu hurudi alikotoka. Na kwetu, mtoto huijua "karibu" kabla hajaijua sala; humtoka mtu kama pumzi. Tulinyamaza. Unyayo ukashuka. Majid akageuka, na nyayo zake zikaanza kufifia uchochoroni.

Hapo mama akashindwa.

"Karibu, baba! Karibu ndani!"

Akarudi. Akaingia. Hakwenda kukaa mahali pake karibu na dirisha. Alikaa pembeni ya mkeka, penye kukaa wageni. Mama akammiminia kahawa, iliyopikwa kwa maji yetu ya chumvi. Akanywa, kisha akakitikisa kikombe mara moja, kama wafanyavyo watu wa bara ya Oman kuonyesha kwamba wametosheka. Majid hakuwahi kujifunza kufanya hivyo.

"Mwanangu, lala hapa."

"Ahsante, bibi. Nnakwenda."

Bibi. Si mama.

Akainuka. "Nisindikize."

Na mama, aliyesindikiza wageni umri wake wote, akaiokota fanusi.

"Mama, usitoke!"

"Niache, Thabit. Mgeni hatolewi peke yake."

Nilijitupa mlangoni, nikaukamata mkono wa Majid. Haukuwa na nyama. Ulikuwa mkavu, wenye nyuzi, kama gogo la mtende. Akanisukuma kwa kidole tu, nikaanguka. Na nilipomdaka mama, mkononi mwangu ulibaki mtandio.

Nilikimbia gizani bila taa. Ngoma ya kufunga malango ya mji kwa usiku ilikuwa ikilia. Nilipofika Lango Kuu, mbao zake zilikwisha kukutana.

"Kapita mwanamke mtu mzima?" nilimuuliza mlinzi kwa Kiarabu changu kibovu.

"Kapita sasa hivi."

"Na nani?"

"Peke yake." Akafikiri. "Lakini taa aliishika mbali, ubavuni, kama anayemmulikia mtu njia."

"Fungua, bwana! Mama yangu huyo!"

"Mpaka alfajiri."

Nilipiga magoti. Nililia. Nilibisha lango mpaka vidole vikachubuka.

Kulipokucha nilimtafuta visimani, nikamtafuta kijiji cha Hamriya, nikavuka milima hadi Amerat. Wenye kisima walisema jioni ile ng'ombe wao alikuwa mgonjwa, hawakuteka maji. Kadhi nilimwomba kaburi la Majid lifukuliwe; akakataa, akisema maiti hasumbuliwi kwa sababu ya ndoto za mfiwa. Huenda ilikuwa ndoto. Mtandio ninao.

Tangu hapo mlango wangu haufungwi jioni, na hodi siijibu.

Gharama yote ya "karibu" ile moja: watu wawili.