Kishikio cha Akiba

Renata Pilarski alikuwa amefuata skrubu moja tu. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Februari, na duka kubwa la vifaa vya ujenzi kusini mwa Milwaukee lilikuwa limejaa watu. Theluji waliyoingia nayo kwenye viatu ilikuwa imeyeyuka mlangoni ikawa tope jeusi. Renata alivaa koti refu la sufu nyekundu, la zamani lakini lililopigwa brashi likapendeza, na kofia ya rangi ya haradali aliyoifuma mwenyewe. Alipokata kona ya vishikio vya makabati, akamkuta mwanamume mpana wa mabega amefumba macho mbele ya ubao wa maonyesho. Alikuwa akishika kishikio kimoja baada ya kingine na kukitikisa taratibu.

Renata alimtazama mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Unawapa mkono wote hao, bwana? Unagombea udiwani?"

Mwanamume akafumbua macho. Masikio yalimwiva wekundu chini ya kofia yake ya kijani na njano.

"Nikigombea, bibie, kura yako ninayo?"

"Inategemea. Unafanya nini hasa?"

"Ninakarabati jiko. Makabati nimefunga, sinki nimeweka, rangi nimepaka. Vimebaki vishikio, na vyote naviona sawa. Nikasema labda mkono utajua."

"Mkono unajua, ila unauuliza vibaya. Hapa mkono wako mkavu. Jikoni una mafuta au una unga, na wa pili umebeba sufuria." Renata alikuwa mpishi wa shule, na vidole vyake vilikuwa vifupi, vinene, vyenye makovu madogo ya moto. Akapenyeza kidole kimoja nyuma ya kishikio chenye umbo la kikombe kilichokatwa nusu, cha rangi ya shaba iliyofifia. "Jaribu kwa kidole kimoja. Kikikukubali, ndicho. Hiki chenye ncha kiache. Kitakukamata mfuko wa suruali kikuchanie mbele ya wageni."

"Umeshawahi kuchaniwa?"

"Mimi sivai suruali zenye mifuko ya kubebea dunia nzima kama yako."

Akacheka, na kicheko chake kikaanzia tumboni. Aliitwa Gordon Amundson, Gordy kwa kila mtu. Renata akauliza mkewe anaonaje kuhusu vishikio, maana hivyo ndivyo mwanamke anavyouliza kama mtu ameoa.

"Marlys alifariki. Hii ni baridi ya tatu bila yeye."

"Pole sana, Gordy."

"Asante." Akakizungusha kile kishikio mkononi. "Ijumaa unakula samaki wapi?"

Milwaukee mtu haulizwi kama anakula samaki wa kukaanga siku ya Ijumaa. Anaulizwa wapi, na mwenye kuuliza anajua anachouliza. Renata alijua. Akamtajia baa ya kona karibu na kwake, na skrubu aliyoifuata akaisahau.

Jambo moja Gordy hakulisema siku ile. Watu wa mji huu huishi na jiko bovu miaka na miaka, mlango wa kabati unaning'inia kwa bawaba moja, na hawajali. Siku wakitaka kuuza nyumba ndipo hulifanya jiko jipya, ili mgeni alipende. Gordy alikuwa amekwisha kutia sahihi kwa dalali. Binti yake, Kirsten, alikuwa amemwandalia chumba Arizona, kwenye joto, na wajukuu walikuwa wamekwisha kuchora jina lake mlangoni.

Ijumaa wakala samaki, na saladi ya kabichi, na mkate mweusi wenye siagi. Gordy alikuja na shati lililopigwa pasi mistari miwili kwenye mkono mmoja. Renata akaiona, akamhurumia, akampenda kidogo. Baada ya chakula wakaenda nyumbani kwa Gordy kutazama vishikio.

Kule dukani mtu hununua kimoja kimoja cha kujaribia, akavibandika milangoni kwa selotepu, akaishi navyo kwanza kabla ya kuamua. Gordy alikuwa na mlango mmoja wa fito nyeusi, mmoja wa vifundo vya mviringo, mmoja wa vioo. Renata akapita akivigusa vyote kwa mkono aliokwisha kuupaka mafuta ya kupikia.

"Huyu hapana. Huyu anateleza. Huyu mzuri wa sura tu, kama shemeji yangu."

"Basi tuendelee kutafuta," Gordy akasema. "Ijumaa ijayo nitanunua vingine."

Na Ijumaa iliyofuata akanunua vingine, na baadaye vingine tena. Hakuna aliyekuwa na haraka. Jioni moja simu ya Renata ililia akiwa ametoka kumlisha mama yake, Halina, katika nyumba ya wazee. Halina hakuwa tena na jina la mtu mwingine kichwani ila la binti yake.

"Mpenzi, kile cha rangi ya fedha kimeanguka chenyewe kwenye sinki."

"Kimejiuzulu."

"Nimekisikia nikadhani ni wewe umeingia."

"Mimi nikiingia sianguki kwenye sinki, Gordy. Umekula?"

"Nimekula mkate."

"Mkate na nini?"

"Na mkate."

Renata akacheka peke yake jikoni kwake, ghorofa ya juu ya nyumba ya kupanga, ambako makabati hayakuwa na vishikio kabisa. Mtu alifungua kwa kuingiza kucha chini ya ubao, na mwenye nyumba alikataza kutoboa chochote. Alikuwa ameishi hivyo tangu ujana. Usiku ule alijiruhusu kufikiri jambo alilokuwa akilifukuza: kwamba huenda uzeeni atapata jiko lake, na mtu wa kumfokea kwa kula mkate na mkate.

Mara nyingi Gordy alifungua kinywa amwambie. Akimwona amesimama kwenye dirisha la sinki, amevua viatu, anapanga kwa sauti kijiko cha mbao kikae wapi na viungo vikae wapi, kinywa kikajifunga. Alijiambia atasema Ijumaa ijayo. Dalali akapiga simu kuuliza jiko limeishia wapi. "Tunachagua vishikio," akajibu, na haikuwa uongo.

Wiki ya Pasaka hakukubaki duka la kwenda. Renata akarudi kwenye kile cha kwanza, cha umbo la kikombe.

"Kumbe nilikuwa nimekwisha kuchagua siku ile," akasema. "Tumezunguka bure."

"Siyo bure," Gordy akasema.

Wakanunua vya kutosha milango na droo zote. "Na kimoja cha akiba," Renata akamkumbusha mbele ya muuzaji. "Hivi wanaacha kuvitengeneza bila kumwambia mtu. Kikivunjika kimoja, utahangaika mji mzima humpati mwenzake."

Jumamosi wakatoboa. Renata alishikilia mlango, Gordy akapima kwa rula, akatia alama ya penseli, akapima tena. Drili ilinguruma kisha ikanyamaza.

"Mbona umesimama?"

"Ukitoboa umetoboa," Gordy akasema. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Mbao haisamehe."

"Basi toboa. Mimi nimeshika."

Akatoboa. Vumbi la mbao lilinukia tamu kama biskuti, likamwangukia Renata kwenye nywele. Walipomaliza alizifungua droo zote kwa kidole kimoja, moja baada ya nyingine, na zote zikamjia. Gordy akachukua kile cha akiba, akakifunga katika kitambaa chake cha mfukoni, akamtia mkononi.

"Kitunze wewe."

Renata akakitia mkobani. Mwanamke wa umri wake hategemei kuvishwa pete na mtu aliyepiga magoti yenye ugonjwa wa viungo. Akaona hiyo ndiyo pete yake.

Jumapili ya pili akatoka kanisani na mkate wa kuviringishwa wenye mbegu za mpopi, bado una joto ndani ya taulo. Alivaa gauni la buluu lenye kola nyeupe ambalo Gordy hakuwahi kuliona. Kwenye bustani ya mbele ya nyumba ya Gordy, palipokuwa na theluji, palikuwa na bango la kuuza nyumba. Mlango ulikuwa wazi. Watu asiowajua walikuwa wanaingia na kutoka, wamevivalisha viatu vyao soksi za karatasi wasichafue sakafu.

"Karibu, mama, karibu sana," dalali akamwambia, mwanamke mwenye tabasamu la kazini. "Unatafuta ya peke yako au na mzee?"

"Natazama tu."

"Basi anzia jikoni. Jiko ndilo linalouza nyumba hii. Mwenyewe amelifanya upya lote kwa ajili ya soko, anahamia Arizona kwa bintiye. Kila kitu humu hakijatumika."

Renata akavaa soksi za karatasi, akaingia jikoni. Mke na mume vijana walikuwa wanafungua droo.

"Pazuri," mke akasema, "ila hivi vishikio ndivyo vitakavyotangulia kuondoka. Kama vya bibi yangu."

"Vinafunguka kwa kidole kimoja," Renata akasema.

"Ehe?"

"Mkono ukiwa na mafuta."

Msichana akatabasamu kwa adabu. "Sisi huwa tunaagiza chakula, mama."

Renata akauacha mkate juu ya meza ya jiwe, na taulo lake, akatoka.

Huku kwetu mwenye kuuza nyumba hatakiwi kuwepo wageni wakiitazama. Gordy alikuwa amejificha ndani ya gari nyuma ya kona, injini inaunguruma. Alipoona gauni la buluu akashusha kioo. Hakuuliza amejuaje.

"Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Kila Ijumaa."

"Ijumaa zilikuwa nyingi, Gordy."

"Njoo tufuatane. Kirsten hatakataa. Kule hakuna baridi, hakuna theluji ya kuchota."

"Na mama yangu nimwache na nani? Unajua nalisha mdomo wa nani kila jioni. Ulijua ukaninyamazia."

Gordy akashika usukani kwa mikono miwili. "Ningeweza kuliondoa lile bango."

"Ungeweza?"

Hilo tu ndilo alilotaka. Angesema ndiyo, Renata angesamehe samaki wote na Ijumaa zote. Gordy akatazama mbele. Simu yake ikawaka juu ya kiti, jina la binti yake juu yake. Ikalia mpaka ikakatika, na bado alikuwa anatazama mbele.

"Funga kioo," Renata akamwambia. "Utapata mafua."

Nyumba ikauzwa kabla maua ya bustani hayajafunguka. Gordy akaondoka, kisha akawa anapiga simu siku za Ijumaa, akisimulia juu ya joto na wajukuu. Renata alipokea kila mara ya pili au ya tatu, akajibu kwa upole. Hasira ilikwisha mapema. Kilichobaki hakikuwa na haraka ya kwisha.

Mwezi Juni, akienda kwa mama yake, basi liligeuzwa njia kwa ajili ya ukarabati wa barabara, likamshusha mtaa ule ule. Chini ya mti mbele ya nyumba ya Gordy palikuwa na boksi lililoandikwa "Bure, chukua", kama watu wanavyofanya mji huu. Ndani vilikuwemo vishikio vyote, vya umbo la kikombe, vimerundikana pamoja na skrubu zake. Simu ikalia.

"Nimekula samaki leo, mpenzi," Gordy akasema. "Huku hawajui kukaanga. Niambie, bado unacho kile cha akiba?"

Renata akafungua mkoba. Kilikuwa mle mle, ndani ya kitambaa.

"Ninacho."

"Kitunze."

"Basi linakuja, Gordy. Msalimie Kirsten."

Basi halikuwa linakuja. Akakifungua kile kitambaa, akapitisha kidole kimoja mara ya mwisho, kisha akainama akakilaza ndani ya boksi juu ya wenzake. Yeyote atakayevichukua angekihitaji siku kimoja kikivunjika. Akakikunja kitambaa, akakirudisha mkobani, akaenda kumlisha mama yake.