Ujumbe Ambao Mtaalamu Hakuutazama

Ninyi mnaoishi na wazee wenu nyumba moja, wekeni simu chini kidogo mnisikilize. Habari hii si ya mbali. Ni ya hapahapa mjini kwetu Bucheon, ghorofa ya saba ya jengo letu, na aliyeumia ni jirani yangu Malsun, ambaye hadi leo nikikutana naye kwenye lifti sijui macho yangu niyaweke wapi.

Ilikuwa Novemba, majira ya kutia kimchi, ile kabeji yetu ya kuchachusha. Malsun alikaa sakafuni na beseni lake, akipaka pilipili na kitunguu saumu kwenye kabeji zilizolala chumvini usiku kucha, huku akijiimbia. Zile nzurinzuri alizitenga kando kwa ajili ya Jeomrye, dada yake mkubwa, aliyekuwa akiumwa mapafu kule Samcheok, pwani ya mashariki. Ndugu wa tumbo moja walikuwa wamebaki hao wawili. Malsun alikuwa na haja moja tu duniani, amwone dada yake kabla mgonjwa hajaaga. Mwanawe, Taegyu, aliahidi kumkatia tiketi ya basi kwa simu.

"Wiki hii nimebanwa, mama. Wiki ijayo."

Wiki ijayo ikaja, nayo ikazaa wiki ijayo nyingine.

Huyu Taegyu ni kapera wa miaka arobaini na kitu, mfanyakazi wa ofisini. Akirudi kazini, anavaa hedifoni na kuingia kwenye gemu yake ya vita. Pembeni huwa na kioo cha pili chenye jukwaa la watu wanaopeana maoni kuhusu simu na kompyuta, na huko jamaa alikuwa mtu mkubwa. Simu ipi inatunza chaji? Kibodi ipi haina kelele? Watoto wacheze gemu muda gani? Kila jambo alikuwa na maoni nalo, na aliyatoa kwa ulimi wa asali. "Usione haya kuuliza, ndugu yangu. Hakuna swali la kijinga." Jamani, adabu hiyo aliificha wapi mamaye asiione siku hata moja?

Mwezi mmoja kabla, bibi mmoja wa jengo la pili aliibiwa akiba yake kupitia kadi ya harusi ya uongo. Siku hizi harusi na misiba yetu yote huja kwa linki ya simu, na matapeli wameshaijua njia hiyo. Basi Taegyu akachukua simu ya mama yake. Akaiweka hivi: namba yoyote isiyo na jina ikipiga, ikatwe papo hapo.

"Na ujumbe wenye linki, usiufungue. Utaniuliza mimi kwanza. Umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu."

Kisha akaenda kulitangazia jukwaa jinsi alivyomlinda mama yake. Sifa zikamiminika. Mtoto wa namna hii wako wangapi, waliandika. Sikatai, shauri lenyewe halikuwa baya. Lakini alijifanya bawabu wa mama yake, halafu akaondoka mlangoni.

Jumapili moja, mchana, simu ya Malsun ikalia mlio wa ujumbe. Namba haikuwa na jina. Maneno yalikuwa machache: "Mama yangu amefariki leo asubuhi. Mahali pa msiba ni hapa." Chini yake, linki. Malsun alifuta mikono kwenye aproni, akaenda chumbani kwa mwanawe.

"Taegyu, hebu nitazamie hiki."

"Mama, niko vitani!"

"Vita gani na wewe umevaa kaptura? Sekunde moja tu. Mtu anasema mama yake amekufa."

Taegyu alimpa kisogo hivyohivyo. "Matapeli hao. Ndivyo wanavyoandika siku zote. Futa."

"Na kama ni kweli? Hakuandika jina."

"Tapeli asingeandika jina! Mama, kila mtu ana mama. Futa, unaniharibia."

Malsun alisimama pale akiitazama mikono ya mwanawe ikikimbia kwenye kibodi. Taegyu alikuwa amehama kwenye vita, sasa anamwelekeza mtu asiyemjua namna ya kusafisha vumbi la kompyuta, hatua kwa hatua, bila haraka. Mama akafuta ujumbe.

Huku kwetu msiba ni siku tatu, na asubuhi ya tatu jeneza linatoka kwenda kuchomwa. Siku ya nne Malsun alipiga namba ya dada yake, kumwambia kimchi imeiva. Ikapokewa na sauti ya kiume. Alikuwa Inho, mtoto wa Jeomrye.

"Mama mdogo. Leo ndiyo umekumbuka kupiga?"

"Inho? Mama yako yuko wapi?"

Inho akaongea kwa hasira iliyochanganyika na kilio. "Tumemchoma jana. Nilikupigia kwa namba yangu mpya mpaka kidole kikauma, unakata. Ujumbe nilikutumia kama nilivyowatumia watu wote. Siku ya pili, wakati wa kumvika sanda, niliwazuia wasimfunike. Nikasema mama mdogo yuko njiani. Watu wakaniuliza marehemu hana ndugu? Ungewajibu nini?"

Malsun aliketi sakafuni na simu sikioni, hata baada ya Inho kukata.

Taegyu alikuja mbio aliposikia kilio. Alipoelezwa, la kwanza lililomtoka ni kujitetea.

"Ningejuaje, mama? Ule ujumbe ulikuwa na kila dalili ya utapeli."

"Dalili uliziona wapi, na hukugeuza shingo?"

Taegyu akaichukua simu yake, akatafuta basi.

Tiketi ya Samcheok alimkatia siku hiyohiyo. Malsun aliikataa, akaenda mwenyewe stendi kuuliza watu. Kule alikuta chupa ya majivu ya dada yake ndani ya kabati la kioo, na alipoondoka Inho hakumsindikiza. Sasa huenda kwenye darasa la wazee la kata, anafundishwa simu na watu baki. Taegyu humuuliza kila jioni, kwa upole kabisa, "Mama, kuna kitu nikusaidie?" Naye hujibu, "Hakuna." Wanaishi nyumba moja na hilo "hakuna."

FUNZO

Ukimwambia mzee wako asifanye neno bila kukuuliza, basi akikuuliza, geuka. Ulinzi usio na macho ni kifungo. Maoni ya kuwapa walimwengu hayaishi, na wale wanaokusifia huko hawatakuja kulia nawe. Gemu ukishindwa utaianza upya. Dada wa Malsun amechomwa, na mtu pekee aliyestahili kumfunika alikuwa nyumbani, ameambiwa afute.