Mume Wangu Aliniambia Nichague: Yeye au Chiriku

"Chagua sasa hivi! Mimi au huyo mtoto!"

Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, nimemlaza binti yangu ubavu, povu bado liko mdomoni. Kifafa kilikuwa kimemwachia dakika hiyo hiyo...

Na baba yake yuko mlangoni, begi mkononi!

Jamani, mtoto ana miaka sita. Tunamwita Chiriku kwa sababu hafungi mdomo.

"Watu wanatucheka. Mpeleke mbali akalelewe huko, la sivyo naondoka."

"Begi lako hujalifunga zipu," nikamjibu.

Akaondoka kweli.

Sitawadanganya. Mtoto alipolala nilijifungia chooni nikalia, kisha nikamwambia Mungu: "Bwana, sikuelewi hata kidogo. Ila mimi sikuachi. Na Wewe usithubutu kutuacha!"

Ndiyo sala niliyokuwa nayo. Nikaisali kila siku.

Mimi napiga pasi kwa dobi. Bosi akakubali nije na mtoto, nikamtandikia mashuka chini ya meza. Dawa asubuhi, dawa jioni, sala katikati.

Jumapili moja kanisani, mama mmoja aliyewahi kumwona Chiriku akianguka akamvuta mwanaye wakahama benchi letu.

"Lile ni pepo," akanong'ona.

Nikamgeukia. "Ni ugonjwa, dada! Una daktari wake na una dawa zake. Na hapa ni kwa Baba yake wa mbinguni, hatoki mtu!"

Wiki iliyofuata tukakaa mbele kabisa. Chiriku akaimba kuishinda kwaya!

Ikapita miezi minne. Mchana mmoja nipo na pasi yangu, namwona mama mkwe anaingia na sanduku...

Damu ikanichemka.

"Mama, kama umetumwa kumchukua mwanangu, rudi ulikotoka."

"Sijatumwa na mtu." Akakalia sanduku lake, machozi yanamtoka. "Mumeo alikuwa na dada. Alikuwa anaanguka kifafa kama Chiriku. Nilimficha chumba cha nyuma miaka tisa, watu wasijue. Akafia humo, peke yake. Mumeo ndiye aliyemkuta."

Shati la mteja likaungua chini ya pasi yangu!

Miaka minane ya ndoa... sijawahi kusikia habari za wifi huyo!

"Juzi mumeo kaniambia amesikia unakwenda na mtoto kanisani, mnakaa mbele, huoni aibu. Alidhani nitakasirika. Mimi nikafungasha." Akanishika mkono. "Nipokee nikae nanyi nimlee, mwanangu. Yule wangu sikumlea."

Sasa tunaishi watatu.

Wiki iliyopita mume wangu akapiga simu.

"Naomba nirudi..."

"Njoo kliniki Alhamisi, umsikilize daktari kwanza. Hayo mengine baadaye."

Alikuja. Alilia mbele ya daktari kama mtoto. Nyumbani? Bado sijamkaribisha. Nitajua mimi na Mungu wangu.

Na wewe unayesoma huku umemficha mtoto ndani kwa kuogopa macho ya watu... mtoe nje leo! Waache watazame mpaka wachoke. Mungu hakumuumba kwa bahati mbaya.