Mlinzi Hakuchoma Ofisi

Haya nimesimuliwa na mwanamke yaliyomkuta mwenyewe, Jumamosi iliyopita, tukiwa kwenye benchi tunasubiri kupimwa presha. Akaniambia, "Bibi, yaandike, ila jina langu liache." Nimeliacha. Nitamwita Mpishi, maana ndiyo kazi yake, anapika kwenye kantini ya kiwanda. Mumewe alikuwa akichomelea mageti mpaka macho yalipomharibikia. Huyo ni Fundi.

"Endelea basi," Fundi alisema. "Mbona umenyamaza?"

"Nageuza ukurasa."

"Ukurasa gani huo, mzito kama mlango wa jela?"

Mpishi akacheka kicheko cha kwenye meno tu. Walikuwa sebuleni, wameshakula, vyombo vimeshaoshwa. Kila jioni saa hiyo humsomea mumewe. Jicho moja la Fundi lilitolewa hospitali, la pili linaona ukungu, kwa hiyo vitabu anavisoma kwa masikio.

Walikuwa kwenye kitabu cha tatu cha hadithi ya mawakili wawili, mume na mke. Cha kwanza na cha pili walivimaliza kwa kugombana, kila mmoja na upande wake. Katika hiki cha tatu Wakili Mume yuko kizimbani. Ofisi yao imeungua na karani wao kafia humo, na serikali inasema mume ndiye aliyechoma. Wakili Mke ndiye anayemtetea. Na jioni hiyo ndiyo ilikuwa ya kujua nani hasa aliyeiunguza.

Mpishi jicho lake lilikuwa limeshatangulia mistari ya chini, na limeona. Imeandikwa kwamba ni Wakili Mke mwenyewe, huyo huyo anayesimama na joho akiapa kwa Mungu. Aliacha pasi kwenye umeme. Alijua tangu siku ya kwanza, akanyamaza, akaacha mwingine abebe.



"Haya, nani kachoma?" Fundi alisogea mbele. "Usinitese, mke wangu."

Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mlinzi," alisoma. "Mlinzi alitupa kipande cha sigara kwenye makaratasi, moto ulipowaka akatoroka."

Fundi akajipiga paja. "Nilijua! Tangu mwanzo sikumpenda. Mlinzi huyo ni Kobe mtupu! Anaharibu, halafu anakukodolea macho kama mbuzi aliyekula nguo kwenye kamba."

Kobe ni mdogo wake Fundi. Aliitwa hivyo tangu utotoni, kwa kuwa hana haraka na jambo lolote duniani. Walikuwa na karakana moja. Siku ya ajali Fundi alitafuta miwani yake ya kazi hakuiona. Akamuuliza Kobe, Kobe akasema hajui. Mteja alikuwa mlangoni anapiga miluzi, anataka geti lake. Fundi akawasha grinda, mashine ya kukatia chuma, macho wazi, diski ikapasuka na vipande vikamwingia machoni. Tangu hapo, miaka miwili, neno lake ni lile lile: Kobe alipoteza miwani yangu. Hawasemezani.

"Tulale," alisema Mpishi, akafunga kitabu.

Asubuhi yake Mpishi alikuwa na mapumziko. Alikuwa jikoni akisugua sufuria, Fundi sebuleni na simu yake. Wana kundi lao la wasomaji kwenye simu, wanaume kwa wanawake, wanatoa maoni juu ya vitabu. Fundi hawezi kuandika, hutuma sauti, na maoni yake huheshimiwa.

Mpishi akamsikia anajirekodi. "Wasomaji wenzangu, salamu. Mimi nasema mlinzi afungwe maisha. Mtu kaua kwa uzembe, halafu kamwachia mwenye ofisi msalaba. Watu wa namna hii ninawajua, nimezaliwa nao tumbo moja."

Sufuria ikamponyoka Mpishi.

Majibu hayakukawia. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Mstaafu, mwenye kundi, na sauti yake ya ubaoni. "Fundi, ndugu yangu, mlinzi yupi? Mlinzi siku ile alikuwa likizo."

Akafuata Mama Pacha. "Jamani, Fundi kasomewa kitabu cha wapi? Hahaha! Aliyeacha pasi ni Wakili Mke! Na mimi sisamehi. Mwanamke gani anamtetea mume kwa ulimi, huku anamzika kwa moyo?"

Dereva naye, honi zinasikika nyuma yake: "Mama Pacha, punguza moto. Aliogopa. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake."

"Wake kaukimbiza, wa mwenzake kauunguza! Asitulilie hapa."

Mpishi alisimama na maji yakimchuruzika viwikoni.

"Mama watoto," Fundi aliita. Hakupandisha sauti. "Njoo na kitabu."

Akaja. Akakaa.

"Soma tena pale pa jana."

"Labda niliruka mstari, macho yalikuwa..."

"Soma."

Akasoma kama kilivyoandikwa. Pasi, umeme, Wakili Mke, kimya chake chote. Alipofika mwisho wa sura, Fundi alikuwa ameuinamisha uso kama anayesikiliza mlango.

"Huyo mlinzi ulimtoa wapi?"

"Kichwani kwangu."

"Kakukosea nini, maskini?"

"Hakunikosea. Nimezoea tu."

"Umezoea nini?"

"Kumtwika mwingine."

Na Mpishi aliniambia, Bibi, laiti angepiga kelele ningepata upenyo wa kulia. Hakupiga. Ikabidi aendelee.

"Miwani yako niliichukua mimi. Siku ile alfajiri tulikuwa na magunia ya vitunguu ya harusi, macho yananiwasha, nikasema nikimaliza kumenya nitairudisha kabla hujaamka. Nikasahau. Ulipoitafuta, mimi nilikuwa nayo kazini. Nikaitwa hospitali, nikakimbia na aproni yangu kama nilivyo. Wewe uko kitandani unasema, Kobe, Kobe kanipotezea miwani. Nami ninayo mfukoni."

"Mfukoni."

"Ndiyo."

"Pale pale."

"Pale pale, mume wangu. Baadaye nikaitupa chooni."

Fundi akapapasa meza akaikuta glasi ya maji, hakunywa, akairudisha.

"Macho ningekusamehe leo hii," alisema. "Kitunguu ni kitunguu. Na grinda niliiwasha mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Lakini ndugu yangu? Nilimpiga makofi mbele ya wateja. Mama yetu alipofariki, Kobe alisimama upande ule wa kaburi, mimi upande huu. Na wewe ulikuwa umenishika mkono, ukinionyesha pa kukanyaga."

"Nilitaka kusema siku ile."

"Ulitaka."

"Kila siku nilitaka. Kila siku ilipopita, ikawa ngumu kuliko ya jana."

"Nenda kamalize sufuria zako."

Usiku huo Fundi alihamia kwenye kochi. Na uliofuata. Chakula alikula, salamu aliitikia, lakini kitabu hakukiulizia. Mpishi alisema ile sebule bila kusoma ilikuwa kama nyumba iliyotoka maiti.

Siku ya tatu Fundi akamnyooshea simu.

"Mpigie."

"Nani?"

"Unamjua. Kosa lako, simu yako. Weka sauti kubwa nisikie."

Ikaita sana. Kobe ni Kobe.

"Haloo."

"Shemeji, ni mimi."

"Shemeji?" Kobe akauliza. "Kaka kafa?"

"Hajafa. Yuko hapa anasikia."

"Basi mwambie sijambo."

Mpishi akaisogeza simu mdomoni. "Shemeji, miwani ya kaka yako niliichukua mimi. Wewe huna kosa. Nilijua tangu siku ile na nikanyamaza."

Upande wa pili nyundo iliyokuwa ikigonga bati ikanyamaza.

"Shemeji," Kobe alisema taratibu, "mbona najua."

"Unajua?"

"Niliiona hospitali. Kamba yake ilikuwa inaning'inia mfukoni kwenye aproni yako."

Fundi akaruka na kuipapasa simu. "Ulijua, ukanyamaza? Ukala makofi yangu, na matusi yangu, ukiwa unajua?"

"Sasa ningefanyaje, kaka? Ulikuwa umefungwa bandeji kichwa kizima. Umemshika shemeji mkono kama mtoto sokoni. Nikasema, nikimwambia atauachia. Akiuachia, atashika wapi?"

Hapo Fundi akalia. Mpishi hakuthubutu kumgusa.

"Mdogo wangu."

"Naam."

"Makofi yale..."

"Makofi yalishapoa. Ya msibani ndiyo hayajapoa."

"Utakuja?"

"Nitakuja. Si leo. Leo nina hasira na nyinyi nyote wawili."

Akakata.

Alikuja Jumapili, na mwendo wake ule ule, utadhani njia ndiyo inayomfuata. Fundi alikuwa ameshasimama mlangoni zamani, kavaa shati la pasi. Akaupapasa uso wa ndugu yake kwa viganja viwili.

"Umenenepa."

"Ni ndevu hizo, kaka."

"Na hiki?"

"Hicho ni kitambi. Ingia ndani, watu wanatutazama."

Fundi akataka kupiga magoti, Kobe akamdaka kwapani. "Acha, utaninyang'anya hasira yangu na bado sijaimaliza. Nipe chai kwanza."

Mpishi akaleta chai, akaviweka vikombe mezani. "Shemeji, nisamehe."

Kobe akamtazama. Hakuwa na haraka. "Nimekusubiri, shemeji. Kila simu ikilia nasema ni yeye. Miaka miwili. Kukusubiri ndiko kuliniuma, miwani sikuiwaza."

"Sina la kusema."

"Basi usiseme. Sukari iko wapi?"

Kaka mtu akacheka wa kwanza. Walikunywa, wakazungumza mageti, bei ya mabati, kaburi la mama linalotaka kujengewa. Giza lilipoingia Fundi akasema, "Lete kile kitabu."

Mpishi akakileta, akasita. "Asome shemeji."

"Kobe? Tutamaliza mwakani. Soma wewe. Kobe, kaa ubavuni kwake, utazame mistari."

Alisoma hivyo, shemeji yake akifuata kwa kidole. Kila ukurasa ukiisha, Fundi anauliza, "Kasoma sawa?" na Kobe anajibu, "Kasoma sawa, kaka." Aibu ilimpanda Mpishi mpaka masikioni, lakini hakuomba aachwe. Kwenye sura ya mwisho Wakili Mke alisimama mbele ya hakimu, akalivua joho mwenyewe, akalikunja, akasema yote. Mumewe kizimbani hakumtazama. Kitabu kiliishia hapo, hakikusema kama walirudiana.

"Mwandishi huyu ana roho mbaya," Kobe alisema.

Fundi akachukua simu, akajirekodi. "Wasomaji wenzangu. Kwanza namtaka radhi mlinzi. Nilimsema vibaya, na alikuwa likizo. Pili, kuhusu Wakili Mke, mimi bado nafikiri."

Mama Pacha akajibu papo hapo. "Fikiri haraka, Fundi, huku watu wanapigana!"

Ikaonekana Kobe hawezi kurudi kwake, magari yameadimika. Akapewa shuka. Akajinyoosha kwenye kochi zima na hapo hapo akaanza kukoroma.

Mpishi alikuwa chumbani, ameelekea ukutani. Akasikia kiganja kikipapasa fremu ya mlango.

"Kochi lina mtu," Fundi alisema.

"Nasikia."

"Kwa hiyo nimekosa pa kulala."

"Kitanda kipo. Upande wako sijaugusa."

Akaja, akakaa, akavua shati, akalala chali.

"Usidhani yamekwisha."

"Sidhani."

"Kesho naweza kuamka na hasira."

"Amka nayo. Nitakuwepo."

Kisha kitanda kikaanza kutikisika, Fundi anacheka peke yake. "Msikilize. Hata kukoroma anakoroma polepole."

Akacheka mpaka kicheko kikageuka pumzi, na pumzi ikawa usingizi.

Mpishi alibaki macho, akisikiliza watu wawili aliowatenganisha wakilala chini ya dari moja. Alijua dhamiri yake itakuja, hakuna usiku iliokosa. Ikaja kweli. Ikakaa pembeni ya kitanda kama mgeni aliyezoea nyumba, lakini safari hii haikumwuliza kitu. Naye akalala.